Kitumbua cha Pili

ZUBE: Mwakeye, wasikilizaji! Neema kaingia leo kanuna, hata salamu kaitikia kwa mbali. Na sababu ni kitumbua.

NEEMA: Zube, tulikubaliana tuanze na namna mwanafunzi anavyopata kazi ya msaidizi wa utafiti. Nimeandika mambo matatu hapa.

ZUBE: Yatafika. Jumanne kwanza.

NEEMA: Haya. Mnajua likizo hii namsaidia mwalimu wangu wa saikolojia kukusanya data chekechea moja hapa Mwanga, Kigoma. Mkisikia maabara msiwaze darubini. Yetu ni stoo iliyofagiliwa: meza, kiti kifupi, simu ya kurekodi. Mzazi ameshasaini ridhaa, mtoto naye anaulizwa kama anataka. Anawekewa kitumbua kimoja. Akivumilia mpaka nirudi, dakika 15, anapata cha pili.

ZUBE: Mwaka wa tatu chuoni, kumtega mtoto kwa kitumbua!

NEEMA: Mwanasaikolojia Walter Mischel alianza hivyo chuo cha Stanford, Marekani, miaka ya 1960. Hata Kamerun, watoto wa kabila la Wanso wa miaka minne waliwekewa andazi: karibu 7 kati ya 10 wakangoja. Wajerumani wenzao, hata 3 hawakufika.

ZUBE: Na wa Mwanga?

NEEMA: Data haijaisha, sisemi. Ila Jumanne kuna bwana mdogo alikalia mikono yake dakika zote 15. Narudi, nafunua hotipoti ya vitumbua, tupu! Aliyekula ni huyu mnayemsikia, alikuja kunichukua na pikipiki.

ZUBE: Hotipoti haikuandikwa "data".

NEEMA: Ulikula vinne!

ZUBE: Vitatu. Kimoja kilikuwa kimevunjika.

NEEMA: Mtoto akatoka, akawaambia wenzake barazani, "Anti muongo." Nikasimamisha kazi, nikampigia mwalimu.

ZUBE: Hapo ndipo ulipokosea. Mama wa vitumbua yuko hapo barabarani. Unanunua, unampa mtoto chake, mnaendelea.

NEEMA: Nilinunua, nikampa. Lakini barazani walishasikia. Mwaka 2013 watafiti wa chuo cha Rochester, Marekani, walichapisha utafiti wa watoto 28: nusu walianza na mtu mzima aliyewaahidi vitu akavileta, nusu na aliyeahidi asilete. Kwenye jaribio kama letu, wa kwanza walingoja wastani wa dakika 12, wa pili 3. Sasa ningeendelea, kwenye ripoti ingesomeka watoto wa Mwanga hawana subira, kumbe ni tumbo lako.

ZUBE: Dada yangu, hao watoto wanaahidiwa viatu kila Idi. Wanaijua ahadi ya mkubwa. Wewe unawafungia kwenye chumba ambacho kila ahadi inatimia, halafu unaita hiyo ndiyo tabia yao? Mimi nimekuletea Kigoma yenyewe mle ndani.

NEEMA: Kama tunataka kupima ahadi iliyovunjwa, tunaipanga na kuiombea kibali. Haiingii kwa mlango wa nyuma. Hifadhi ya Gombe hapo juu, watafiti walitoa ndizi kuwavuta sokwe, sokwe wakajazana kambini, wakagombana kuliko kawaida. Mtafiti akibadili jambo lazima aandike.

ZUBE: Andika basi, "mgeni alikula". Kusimamisha siku nzima, na mwalimu akuone mzembe?

NEEMA: Aniite mzembe.

ZUBE: Mimi sikubali.

NEEMA: Sijakuomba ukubali.

ZUBE: Na ulimtaja aliyekula?

NEEMA: Kwa jina na namba ya pikipiki.

ZUBE: Neema!

NEEMA: Ndiyo kazi, Zube. Unaandika kilichotokea, si unachopenda kitokee.

ZUBE: Fundi ananionyesha kidole, dakika moja. Haya, soma hayo matatu yako.

NEEMA: La kwanza, usingoje tangazo. Soma anachokichunguza mwalimu, kisha mfuate ofisini umuulize kama kuna kazi, hata ya kuingiza madodoso kwenye kompyuta. La pili...

ZUBE: Muziki huo.

NEEMA: Kesho saa mbili asubuhi nipo chekechea. Vitumbua unanunua wewe.

ZUBE: Vingapi?

NEEMA: Arobaini. Na hotipoti naibeba mimi.