Moshi wa baruti na baruti ya Moshi

Asanteni. Naanza na moshi. Mji wa Moshi tutaufikia.

Novemba 1914 Waingereza waliposhuka Tanga, askari wengi wa Mjerumani walikuwa na bunduki ya mwaka 1871. Risasi yake nene, milimita 11, na ndani ya ganda baruti nyeusi: shura, kiberiti na mkaa, ile ile ya magobore ya babu zetu. Ukifyatua, wingu jeupe linakuning'inia usoni. Adui hana haja ya kukuona wewe, analenga wingu. Na huko Ulaya walishaihama zamani, tangu Mfaransa Paul Vieille alipopata baruti isiyo na moshi mwaka 1884.

Ndipo ikaja meli ya Mjerumani, Rubens. Aprili 1915 iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikijifanya ya Denmark. Manowari ya Waingereza, Hyacinth, ikaipiga. Nahodha wa Rubens akawasha moto sitahani kwa makusudi, Waingereza wakaenda zao wakidhani imekwisha. Kumbe chini mna bunduki mpya na risasi kwa mamilioni, zimelala majini. Zikaopolewa.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye utamu. Baruti nyeusi ikilowa, shura inayeyuka, na habari yake imekwisha. Hii mpya asili yake ni pamba iliyotiwa tindikali. Maji hayaiyeyushi, na ukiikausha inawaka tena. Lakini fataki, kile kikombe kidogo kwenye kitako cha ganda, hakina huruma. Dawa yake ni chembe tu. Ikipata unyevu, pini inagonga, tak! Kimya. Na chumvi haipumziki: sanduku linaloitika vizuri mwezi huu, mwezi ujao linagoma.

Basi askari wakaketishwa Moshi, mwisho wa reli ya Tanga, miezi kadhaa, asubuhi hadi jioni. Wanang'oa kichwa cha risasi, wanamwaga baruti, wanaisafisha, wanairudisha. Fataki zilizokufa wakaziondoa, wakatia nyingine zilizokuwemo nchini, za viwanda vingine. Mimi huviwaza vidole vyao. Kazi ya sonara ile, ila sonara hashiki kitu kinacholipuka akikibonyeza vibaya. Baruti ndiyo tunayoiimba, lakini pale Moshi fataki ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho.

Kisha wakachambua. Fungu lililogoma kama 20 kwa 100 likawa la vita. Ndiyo, moja katika tano, na hilo ndilo zuri! Lililozidi hapo likaenda kwenye mazoezi ya shabaha. Zile ambazo maji hayakuziharibu zikatengewa bombom, bunduki ya rasharasha, peke yake, maana bombom inajipakia kwa mshindo wa risasi iliyotangulia. Moja ikigoma, yote inanyamaza mpaka mtu aikoki kwa mkono. Mwenye bunduki yeye alivuta komeo, akaitupa ile bubu, akaingiza nyingine, akaomba hii iitike.