Zege Halilali

ZUU: Karibuni jamani. Mimi Zuu, na huyo mnayemsikia anasogeza kiti ni Beka. Leo tulipanga kuongelea raha ya kula huku unafanya mazoezi, nina karatasi hapa, mambo matatu. Ila kwanza Beka atueleze ile picha ya Jumamosi kwenye grupu.

BEKA: Picha gani?

ZUU: Saa nne usiku, kibandani, sahani ya zege, yaani chipsi mayai, mkononi, na fulana ya jogging hujaivua! Tangu alfajiri!

BEKA: Ile fulana ilishakauka, Zuu. Na nilikuwa na haki. Asubuhi tulialikwa bonanza. Tumeanzia pale hospitali ya Aga Khan, Dar, tumekamata Daraja la Tanzanite, upepo wa bahari unakupiga ubavuni, mama wa chenja anaimbisha mpaka wenye magari wanapiga honi. Ufukwe wa Coco, tukageuza. Tumemaliza, wenyeji wakatoa supu ya kongoro na chapati.

ZUU: Ukala.

BEKA: Utakataaje supu ya wenyeji? Halafu jioni nikawapeleka watoto Coco, wakataka mihogo. Ile yenye chachandu. Usiku ndiyo zege.

ZUU: Kwa hiyo mbio moja imelipia supu, mihogo na zege.

BEKA: Saa yangu ilisema nimeunguza kalori 900.

ZUU: Hiyo saa inakubembeleza. Mlikimbia kilomita ngapi?

BEKA: Sita hivi.

ZUU: Makadirio ya kawaida ni kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Wewe una kilo 80. Sita mara themanini ni 480. Mayai mawili tu ni kama 150. Viazi vya kukaanga, gramu 100 zinakaribia 300, na yule mtu wako hapimi gramu, anachota mpaka sahani inalia.

BEKA: Si anachuja mafuta.

ZUU: Anachuja yapi? Anatoa chipsi kwenye kabati la vioo, zimelala humo tangu magharibi, anazirudisha kwenye kikaango, anaongeza mafuta, ndiyo anamwaga mayai.

BEKA: Ngoja. Hapo umegusa pabaya. Chipsi za kabatini ndizo zinazofaa kwa zege. Chipsi ya motomoto ina mvuke, ukimwagia yai linakuwa ujiuji. Ile iliyopoa imekauka kidogo, yai linashika.

ZUU: Mimi nataka viazi vya sasa hivi. Nitasubiri, sina haraka.

BEKA: Basi unataka chipsi na yai la pembeni, siyo zege. Mtazame fundi anavyofanya: mayai kwenye kikombe cha plastiki, chumvi, uma, ka-ka-ka-ka. Anamwaga kuanzia pembeni kwenda katikati. Anatikisa. Likishaachia chini, anafunika sahani juu ya kikaango, anapindua mzigo wote, anautelezesha tena upande mbichi. Ukingo unakuwa wa kahawia, unavunjika mdomoni. Kachumbari juu, pilipili, ndimu.

ZUU: Kachumbari pembeni.

BEKA: Juu.

ZUU: Ukiiweka juu inalowesha ule ukingo unaousifia!

BEKA: (anacheka) Hapo nitapafikiria.

ZUU: Yote tisa, kumi: kwa nini hukula nusu, nusu ukabeba nyumbani?

BEKA: Zege halilali.

ZUU: Nilijua utasema hivyo.

BEKA: Asubuhi linakuwa raba. Halafu nikibeba nyumbani, wifi yako ataliona.

ZUU: Aaa! Kumbe wifi hajui.

BEKA: Sasa hivi anajua. Wifi yako anasikiliza kila wiki.

ZUU: Wifi, pole.

BEKA: Nirudi kwenye hoja. Mzee wangu ana sukari. Kaka yangu mkubwa naye wameshamwonya. Nikila bila hesabu najijua, sitasimama. Kwa hiyo nimejiwekea: sahani ya zege naitolea jasho kwanza.

ZUU: Na wiki ya mvua, jogging hamna?

BEKA: Sili.

ZUU: Unakula, unajificha. Masika ile nilikukuta nyuma ya gari. Mtu akifanya chakula kiwe mshahara wa mbio, siku hajakimbia anajiona mwizi. Na mbio zenyewe anaanza kuzichukia, zimekuwa adhabu ya chipsi. Halafu kuhusu sukari, msuli ukifanya kazi unavuta sukari kutoka kwenye damu, hata mizani isiposogea. Faida hiyo unaipata, umekula zege hujala zege. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwa wiki, Beka, siyo kwa sahani.

BEKA: Hayo ni maneno ya mtu anayeweza kuacha chakula kwenye sahani. Wewe Ijumaa unakula zako, unatosheka, unaondoka. Mimi breki yangu ni hesabu. Ukiniondolea, umenipa nini?

ZUU: Hesabu yenyewe ni ya uongo! Saa inasema 900!

BEKA: Hata ikiwa ya uongo, inanitoa kitandani saa kumi na moja alfajiri.

ZUU: Inakutoa kitandani, halafu inakusindikiza kibandani mara tatu.

BEKA: Mara tatu siku ya bonanza tu.

ZUU: Mimi bado nasema kimbia kwa sababu unapenda kukimbia, kula kwa sababu umetamani, usivifungie ndoa.

BEKA: Na mimi nasema vishafungiwa ndoa, mahari nimetoa.

ZUU: Haya.

BEKA: Haya. Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, 2025, Tokyo, dhahabu ya dunia. Kilomita 42, yeye na yule Mjerumani muda mmoja, wakatenganishwa na sekunde 0.03. Unadhani angekuwa na zege tumboni?

ZUU: Sasa hiyo inamsaidia nani, mimi au wewe?

BEKA: Sijui. Nilikuwa nataka kumtaja Simbu tu.

(mlango unagongwa)

ZUU: Tunakuja! Jamani, wenye studio wao wamefika. Na mambo yangu matatu?

BEKA: Soma moja.

ZUU: La kwanza, maji ya kutosha kabla ya—

BEKA: Maji wanajua.

ZUU: La pili lina maelezo marefu.

BEKA: Basi liache. Watuandikie wao, kachumbari juu au pembeni.

ZUU: Hilo ndilo swali la kipindi?

BEKA: Ndilo lenye majibu. Wiki ijayo tuna yule mgeni wa baiskeli.

ZUU: Kaahirisha.

BEKA: Tangu lini?