Uliumia Kichwa Lini?

Ndugu zangu wa boda, kazi hii ilizaliwa hapa hapa Busia, mpakani, kwa hiyo kuanguka mnakujua. Msichokijua, na nimekisema hadi koo limekauka, ni kwamba ajali ya kichwa haiishi siku mtu anapotoka wodini.

Mdogo wangu aligongwa jioni, hana helmeti. Alizimia zaidi ya siku nzima, damu ikavujia ndani ya fuvu, akapasuliwa, akapona. Akarudi steji kubeba abiria. Miezi minane baadaye, anakunywa chai, kikombe kikamtoka mkononi, macho yakageuka, akaanguka anatikisika. Mama akasema ni wivu wa watu. Majirani wakakimbia povu, eti kifafa huambukizwa kwa mate. Hakiambukizwi! Mkono wake uliungua kwenye sigiri watu wakitazama. Tukazunguka kwa waganga miezi mitano. Tulipofika hospitali, hata huko hakuna aliyemuuliza: uliumia kichwa lini? Nasi hatukusema, maana kidonda kilishapona.

Cha nje, ndiyo. Ndani ya ubongo lilibaki kovu, na seli zinazolizunguka zikaanza, polepole, kurusha umeme ovyo. Ndiyo maana kifafa hiki hukawia, miezi, hata miaka, na kukawia huko ndiko kunakotupeleka kwa mganga.

Mtaniuliza: mbona alipolazwa alipewa dawa ya kuzuia? Alipewa, na walifanya sawa. Dawa hiyo, fenitoini, huzuia mitikisiko ya wiki ya kwanza. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1990 ulionyesha hivyo, ukaonyesha pia kwamba haizuii kifafa kinachokuja baadaye. Basi asiniambie mtu kwamba alishamaliza dawa. Utafiti mwingine wa huko huko, wa 1998, ulikuta kwamba walioumia vibaya kama yeye, karibu 10 katika kila 100 walishikwa na kifafa ndani ya miaka 5. Waliogongwa kidogo hawakufika hata mmoja katika kila 100.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Haraka basi: mtu akishikwa, sogeza moto na mawe, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Zikipita dakika 5 hajatulia, mkimbize hospitali. Dawa akianzishiwa asiache kwa sababu amepata nafuu. Habari ya kuendesha pikipiki ukiwa na kifafa inataka siku yake. Kwa leo, anayeshikwa bado asiguse usukani.

Kabla hamjatoka, inueni mikono: nani hapa aliwahi kuzimia baada ya ajali? Ninyi bakini, niwaandikie tarehe ya ajali kwenye vitabu vyenu vya kliniki.