Reli ya matufaha ya Sebastopol

Haya jamani karibuni, wale wa nyuma sogeeni huku mbele, viti vipo. Leo naongelea reli moja ndogo, ya Sebastopol, kaskazini mwa San Francisco kule California, na ukitaka kuielewa hii reli anza na tufaha lenyewe.

Linaitwa Gravenstein. Tamu lenye uchachu kidogo, tena linaiva mapema, mwezi wa saba wa nane hivi, wakati aina nyingi bado mbichi. Shida yake halikai. Ganda jembamba, ukiligonga kidogo tu linafanya doa, ukiliweka stoo baada ya muda mfupi limeshalegea. Sasa mtu ana shamba zima limeiva kwa mpigo, soko kubwa liko ng'ambo ya ghuba, na usafiri wa kulitoa shambani ni mkokoteni wa farasi kwenye barabara ya vumbi, yaani kila shimo hapo ni hasara.

Tawi la treni ya mvuke kutoka mji jirani wa Santa Rosa lilikuwepo tangu 1890, lakini 1904 ndo ikaja Petaluma and Santa Rosa, reli ya umeme, waya juu kama tramu za mjini ila hii inakatiza mashambani. Na kampuni ilikuwa na meli zake za mvuke, yaani stima, pale mji wa Petaluma, hapo ndo napapenda mimi, kwa sababu tufaha la mchana linapanda treni, linafika Petaluma, usiku linashuka na mto kwa stima pamoja na mayai (Petaluma ilikuwa inajulikana sana kwa mayai), asubuhi liko San Francisco. Mkulima mdogo akaanza kuuza tunda freshi badala ya kukausha kila kitu.

Wenye reli ya mvuke hawakupenda hata kidogo. Kuingia katikati ya Santa Rosa lazima ukate njia yao, wakagoma, ikawa abiria wanashuka upande huu, wanavuka kwa miguu, wanapanda behewa jingine upande wa pili. Mwanzoni mwa 1905 mafundi walipokuja kuweka makutano ya reli wakakuta vichwa vya treni vimesogezwa pale vinawamwagia mvuke na maji ya moto, watu wakashikana hadharani mtaani! Mwishowe umeme ukavuka. Ila mnaona, watu hawapigani hivyo kwa njia isiyo na hela, matufaha yalikuwa hela.

Mabasi na magari yakaja, abiria wakaisha 1932, na mwaka huohuo reli ikaenda mikononi mwa kampuni nyingine ya reli, Northwestern Pacific. Mizigo ikaendelea, 1947 dizeli ikachukua nafasi ya umeme, na kwa miaka mingi mabehewa yalikuwa yanapita katikati kabisa ya barabara kuu ya Sebastopol, madukani hapo, watu wanasimama yapite. Lakini malori yanafika mpaka mlangoni kwa mkulima, na mashamba yenyewe mengi yakang'olewa yakapandwa zabibu za mvinyo kwa sababu zinalipa zaidi, hilo linaniuma kusema kweli. 1984 ikafungwa.

Sasa hivi baadhi ya sehemu za ile njia ni za watembea kwa miguu na baiskeli, na stesheni ya 1917 ni makumbusho, mkifika ingieni.