Nahodha alinichukua kwa ajili ya zamu za usiku: nilivyofika Karibi kwa tanga

Assalam aleikum wapenzi, na shikamooni wakubwa. Samahanini na huo upepo, unapiga kwenye maiki, sina pa kuukimbilia. Nipo Carriacou, kijiji cha Windward. Ni kisiwa kidogo, nchi ni Grenada. Ngoja nigeuze kamera. Mnakiona hicho chombo pale ufukweni, mkuku na mataruma tu, yaani uti wa mgongo na mbavu zake, mbao bado? Ami yangu Nungwi nikimtumia picha hii ataniuliza cha nani hicho, kwa nini hawajamaliza. Kimbunga Beryl kilipita hapa tarehe 1 Julai 2024, kikabomoa au kuezua karibu kila nyumba, na watu bado wanajenga. Nyumba na vyombo, vyote pamoja.

Haya, maswali yenu. Kila siku ni lile lile: umefikaje huko, na nani kakulipia?

Hakuna aliyenilipia. Mkataba wangu wa kazi Rotterdam uliisha, nikapanda ndege hadi Las Palmas, visiwa vya Canary. Mwezi wa 11 bandari ile hujaa mashua za tanga zinazosubiri kuvuka Atlantiki, kwa sababu msimu wa vimbunga huku Karibi ni Juni hadi mwisho wa Novemba, na hakuna anayetaka kuwahi. Wengi ni mke na mume, wazee, na safari ni maili 2,800 za baharini. Wanataka mtu wa tatu wa kushika zamu ili nao walale.

Nilitembea gatini siku nane, chombo hadi chombo. Siku za mwanzo nikisema, "Najifunza haraka." Jamani, kila kijana pale anasema hivyo! Siku ya sita nikabadili maneno: nimefanya kazi za usiku miaka saba kwenye nyumba ya wazee, saa tisa usiku mimi macho makavu, na nawapikia watu sita kwa jiko la moto mmoja. Tanga silijui. Siku mbili baadaye nikaitwa na wazee wenye chombo. Kwetu wanawake hatukupandishwa jahazini, tuliishia kwenye mwani, kwa hiyo neno "jarari", kamba ya kupandishia tanga, nilikuwa nalisikia tu. Sasa nimelivuta mpaka viganja vimechubuka.

Siku nne za kwanza baharini nililala chini na ndoo kifuani. Hiyo sikurekodi, msiniombe.

Mapatano yetu: mimi nachangia yuro 15 kwa siku, za chakula tu, na tuliandika kwenye karatasi kabla ya kung'oa nanga. Andikeni. Chombo kingine nilichopanda hapa hapa Grenada, mwenyewe alianza kudai hela za dizeli tukiwa katikati ya maji, utashukia wapi? Na shoga zangu, nahodha akikuomba picha kabla ya kukuuliza kama unaogelea, huyo hatafuti baharia.

Pasipoti sasa, maana hapo ndipo wenzetu wanakwama. Ukiingia nchi kwa mashua, jina lako limo kwenye orodha ya mabaharia, na nahodha ndiye anayekujibia. Mkifika mnapandisha bendera ya njano, ishara kwamba bado mnasubiri ruhusa ya kuingia, yeye anakwenda uhamiaji na pasipoti zote, nyinyi mnabaki chomboni. Ukitaka kushuka, lazima akufute kwenye orodha, na uhamiaji watataka tiketi ya kutokea au chombo kingine kilichokuandika. Ndiyo maana pesa ya tiketi siigusi hata nikila mkate mkavu. Wale wazee wangu walikwenda Martinique kununua vipuri. Mimi nikashuka, kwa sababu Martinique ni Ufaransa lakini haimo Schengen, ule ukanda wa nchi za Ulaya zenye viza moja, na viza ya Schengen ya kawaida haikuingizi. Kile kisiwa mnachokiona nyuma yangu ni Union, unaweza kudhani utaogelea ufike. Ni nchi nyingine, Saint Vincent.

Ami aliniuliza kwa simu, "Na kurudi utarudi na kusi?" Hakuna kusi, ami! Kwetu kaskazi inakuleta, kusi inakurudisha. Huku upepo unatoka mashariki mwaka mzima, ukitaka kurudi ulikotoka utabisha, yaani utakwenda mshazari ukipingana na upepo, mpaka meno yaume. Kwa hiyo mwezi wa 5 vyombo vinapanda kwanza kaskazini, kutoka Antigua au Sint Maarten kuelekea visiwa vya Azores, ndipo vinashika njia ya Ulaya. Wenye vyombo wengi hurudi kwao kwa ndege, wakaacha nahodha anatafuta watu. Nafasi hapo zipo nyingi kuliko za kuja, ila baridi na mawimbi pia vipo vingi.

Kesho naondoka na chombo kinachokwenda Bequia, kisiwa kingine cha Saint Vincent, watu watano, wameniuliza kama najua pilau. Bizari sina hata punje. Nisubirini, kihori kinaniita, kikiniacha nalala ufukweni...