Matundu ya kadi: kutoka hariri ya Lyon mpaka kompyuta

Haya jamani sogeeni kidogo, hii kadi ni ndogo na wa nyuma hawataiona. Nimekata boksi la viatu nikatoboa na msumari, msinicheke.

Kitambaa cha kawaida kukifuma wala hakisumbui kichwa, unanyanyua nusu ya nyuzi za mtande, zile za urefu, unapitisha mshindio, ule uzi wa kukatiza, unashusha, unanyanyua nusu nyingine, ndo hivyo mpaka jioni. Kasheshe ni ukitaka ua litokee ndani ya kitambaa chenyewe, sio la kuchapwa juu kama kanga. Hapo kila mstari lazima ijulikane uzi upi unapanda na upi unabaki chini, na kule Lyon, Ufaransa, kazi hiyo ilikuwa ya msaidizi, mara nyingi mtoto, anavuta kamba kutwa nzima.

Mwaka 1804 Joseph Marie Jacquard, wa hapo hapo Lyon, akaleta mashine yake ya kufuma kwa kadi za matundu. Hakuwa wa kwanza kabisa, Basile Bouchon alishatumia karatasi ya matundu tangu 1725, ila ya Jacquard ndo iliyoshika.

Sasa angalieni hapa. Hizi njiti za kiberiti tuseme ni sindano, kila moja imeshika ndoano yake na ndoano imeshika uzi. Nasukuma kadi. Penye tundu njiti imepenya, si mnaona, ndoano yake inabaki wima inanyanyuliwa na uzi wake. Pasipo tundu njiti inarudishwa nyuma, ndoano inakaa upande, uzi haupandi. Kadi moja mstari mmoja, kisha inakuja nyingine. Mashine yenyewe haijui ua ni nini! Badilisha kadi, mashine ile ile inakufumia ndege.

Mwaka 1839 wakafuma hadi picha ya Jacquard mwenyewe kwa hariri, kadi kama 24,000, ukiiona unadhani imechapwa. Moja aliipata Charles Babbage, mwanahisabati wa Uingereza, ambaye tayari alikuwa anachora mashine ya kukokotoa inayopokea maagizo kwa kadi za namna hiyo. Ada Lovelace, Mwingereza mwenzake aliyependa hisabati, mwaka 1843 akaandika kwamba ile mashine itafuma aljebra kama vile ya Jacquard inavyofuma maua na majani. Hiyo ya Babbage haikukamilika kujengwa.

Na hapa mimi nabishana na wanaosimulia kama vile Jacquard wazo lake akamkabidhi Babbage, Babbage akaikabidhi kompyuta. Herman Hollerith, aliyetengeneza mashine ya kadi ya kuhesabia sensa ya Marekani ya 1890, alisema wazo alilitoa kwenye treni, kondakta alikuwa anatoboa tiketi kuonyesha abiria ana nywele gani, macho gani, pua kubwa au ndogo. Kadi yake haiagizi kitu, inabeba habari za mtu. Ila cheki inavyosomwa: pini zinashuka, penye tundu pini inapenya inagusa zebaki, umeme unapita, mshale unasogea namba moja. Kampuni yake ndo baadaye ikaungana na nyingine ikaja kuitwa IBM, ile ya kompyuta.

Kompyuta za zamani nazo zililishwa programu kwa kadi za matundu, ila kitu kimoja wafumaji waliwazidi watu wa kompyuta. Wao kadi zao walizifunga kwa uzi, moja na mwenzake, mnyororo mzima. Watu wa kompyuta waliziacha huru kwenye boksi, programu moja kadi mamia, likikuponyoka kwenye ngazi umeisha, ndo maana walichora mstari wa mshazari ubavuni mwa rundo, zikimwagika ujue pa kuanzia kuzipanga.