Diski Imegoma Kufomatiwa? Tumtafute Aliyeishika

Habari za mchana kutoka Majengo, Dodoma. Feni nimezima ili sauti isikike, kwa hiyo mniwie radhi nikijipangusa jasho.

Diski hii mezani imetoka Kibaigwa. Mwenyewe anauza mahindi, kanunua kompyuta iliyotumika, na anataka diski yake ya pili ifomatiwe. Nimemuuliza mara mbili kama ndani kuna kitu cha kuokoa. Kasema hamna.

Naandika `mkfs.ext4 /dev/sdb1`, yaani fomati patisheni (kipande) ya kwanza ya diski ya pili, sdb. Oneni jibu: "/dev/sdb1 is apparently in use by the system". Eti inatumika. Na nani? Andika `findmnt /dev/sdb1`: kimya, haijamauntiwa, yaani haijaunganishwa na mafolda ya mfumo. Andika `fuser -v /dev/sdb1`: kimya tena, hakuna programu iliyoifungua. Hapa wengi wetu huzima kompyuta na kuiwasha upya, na ikiwaka tatizo liko palepale.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwa kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, kufungua diski ni jambo moja na kuimiliki ni jingine. Programu hata mia zinaweza kuifungua diski moja. Mmiliki ni mmoja. Kila diski na kila patisheni ina rekodi yake ndani ya kerneli, na kwenye rekodi hiyo kuna nafasi iitwayo `bd_holder` inayowekwa alama ya aliyeishika. Anayetaka kumiliki huomba kwa O_EXCL, alama ya kusema "naitaka peke yangu" anapoifungua. Akikuta nafasi ina mwenyewe, anarudishwa na kosa la EBUSY, yaani "inatumika". Hati moja kwa kiwanja kimoja. Wa Dodoma hilo sina haja ya kuwafafanulia.

Patisheni nazo zina utaratibu wake. Ukishika sdb1, mwingine ruksa kushika sdb2, ila sdb nzima haishikiki tena. Ni nyumba ya kupanga: wapangaji wa vyumba hawagombani, lakini nyumba nzima humpangishi mtu wakati chumba kimoja kina watu.

Na mmiliki si lazima awe programu. Anaweza kuwa sehemu ya kerneli yenyewe, kama RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) au LVM (mpangilio wa kugawa nafasi za diski), ndiyo maana `fuser` haikumwona. Kachungulieni hapa: `ls /sys/block/sdb/sdb1/holders`. Haya, huyo hapo! md127, jina la RAID. (Swapu, nafasi ya diski inayosaidia RAM, haionekani kwenye folda hii, hiyo iulizie kwa `swapon --show`.)

`cat /proc/mdstat` inamalizia hadithi: md127, inactive, sdb1. Diski hii iliwahi kuwa kwenye RAID ya mashine nyingine na alama zake zimebaki. Kila kompyuta ikiwaka, mfumo unazisoma, unaidaka diski, kisha unamngoja mwenzake ambaye hatakuja.

Tumwachishe: `mdadm --stop /dev/md127`. Chungulia tena holders. Tupu. Halafu `mdadm --zero-superblock /dev/sdb1` kufuta zile alama za RAID, la sivyo kesho ikiwashwa itadakwa tena. Kama diski yako ina data za mtu, usiguse amri hii ya pili.

Jambo moja kabla sijabonyeza. Umiliki huu humzuia anayeuliza tu, na `dd`, amri ya kunakili data moja kwa moja, haiulizi. Ukiwa root (msimamizi mwenye ruhusa zote), itaandika juu ya diski iliyomauntiwa bila hata kukohoa. Tangu Linux 6.8 ya mwaka 2024 kuna chaguo la kuikataza wakati wa kuunda kerneli, lakini lisipoguswa, ruhusa inabaki. Kwa hiyo someni herufi ya diski mara mbili. Sda na sdb hufanana sana saa kumi jioni kwenye joto hili.

Narudia `mkfs.ext4 /dev/sdb1`. Safari hii imekubali. Nifunge kifuniko, jamaa awahi basi la Kibaigwa.